Aliyeifikisha Timu Mlangoni



Juma hili tunapenda tutafakari pamoja habari za mtu ambaye wengi wenu, hasa vijana, huenda hamjapata kumsikia. Jina lake ni Joel Nkaya Bendera. Alikuwa kocha wa mpira wa miguu. Baadaye alikuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, Naibu Waziri, na Mkuu wa Mkoa katika Morogoro na kisha Manyara, akafariki dunia Desemba 6, 2017. Hatukumchagua kwa ajili ya vyeo hivyo. Tumemchagua kwa sababu ya jambo moja la ukocha wake, ambalo mwaka huu limebisha hodi katika parokia yetu wenyewe. Mtuvumilie basi tukianza mbali kidogo, tutafika nyumbani.

Wazee wa Karagwe hawahitaji kukumbushwa mwaka 1979. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia katika mkoa wetu, na mwezi uliofuata daraja la Kyaka likavunjwa. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Vita ilikwisha kwa ushindi, lakini iliiacha nchi imechoka, hazina imekauka, na sabuni imekuwa bidhaa ya kupangiwa foleni. Katika hali hiyo, mwezi Agosti mwaka uleule, Taifa Stars ilitakiwa kupambana na Zambia mara mbili ili kutafuta nafasi ya kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Dar es Salaam tulishinda bao 1-0. Kule Ndola Zambia wakatangulia kufunga, wakaanza kuhesabu dakika mbele ya mashabiki wao. Mchezo ukielekea ukingoni, Peter Tino akasawazisha. Ikawa 1-1, na Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Sisi tunaoandika hatukuwa tumezaliwa. Bao la Tino tulilipata miaka mingi baadaye kutoka kwa baba yetu mzazi, aliyelisimulia kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya goli, ingawa siku ile alikuwa chini ya migomba yake, sikio limeelekezwa kwenye redio ya jirani. Ndivyo lilivyowafikia Watanzania walio wengi. Na ukiwauliza wazee hao ni nani aliyeipeleka nchi Lagos, hawasiti, watakujibu: Bendera.

Tujiulize kidogo kocha wa siku zile alikuwa mtu wa namna gani. Mpira wa kulipwa haukuwapo nchini. Wachezaji walikuwa watu wa ajira katika mashirika ya umma, viwandani na jeshini, na mpira ulikuwa ni wa baada ya kazi. Kocha wa timu ya namna hiyo alikuwa mwalimu, mlezi, msuluhishi wa Simba na Yanga ndani ya kambi moja, na mtu wa kuhakikisha kwamba chakula kimeiva. Kazi yake kubwa haikuonekana uwanjani. Ilikuwa ni kuwafanya vijana waliozoea kuonana kama maadui siku ya Jumamosi wakubali kuvaa jezi moja siku ya Jumapili.

Fainali zenyewe zilichezwa Nigeria mwezi Machi 1980. Tanzania ilipangwa na wenyeji, pamoja na Misri na Ivory Coast. Tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast, tukarudi nyumbani na pointi moja. Nigeria walitwaa kombe. Ukifungua kumbukumbu za fainali hizo, mahali pa kocha mkuu utakuta jina la Slawomir Wolk, mtu wa Poland. Bendera yuko pembeni yake, msaidizi.

Wapendwa, hapo ndipo tunapotaka kusimama. Jina lililobaki midomoni mwa watu ni moja, na jina lililoandikwa kitabuni ni jingine. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Wolk alifanya kazi aliyokabidhiwa, na Bendera alikaa kwenye benchi lilelile, akafanya ya kwake. Lakini tunadhani hakuna mtu mzima asiyeelewa uzito wa jambo hilo: kuwa miongoni mwa walioifikisha timu mlangoni, kisha mlango unapofunguliwa, anayetangulia kuingia ni mwingine.

Yaliyofuata yanaongeza uzito huo. Bendera alipokuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo, timu ya Taifa ilikuwa mikononi mwa mgeni mwingine, Mbrazili Marcio Maximo, na kocha wa zamani alikuwa sasa mtu wa kukaa jukwaani na kupiga makofi. Tanzania haikufuzu tena mpaka Machi 24, 2019, ilipoifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, miaka 39 baada ya Lagos. Kocha siku hiyo alikuwa Emmanuel Amunike, mwana wa Nigeria, nchi ileile iliyotupokea mwaka 1980. Bendera hakuiona siku hiyo. Alikuwa amelala kaburini zaidi ya mwaka mmoja. Ukikumbuka Musa juu ya mlima Nebo, akiitazama nchi asiyoruhusiwa kuikanyaga, na Yoshua chini yake akiwapanga watu kuvuka mto, utaona kwamba habari hii ni ya zamani kuliko mpira.

Nayo haijakoma. Januari 2024, katika fainali zilizochezwa Ivory Coast, kocha Adel Amrouche alisimamishwa baada ya mchezo wa kwanza, na timu ikaachwa kwa Hemed Suleiman, mzalendo anayejulikana zaidi kwa jina la Morocco. Akatoka sare 1-1 na Zambia walewale, ingawa safari hii waliosawazisha dakika za mwisho walikuwa wao, kisha akatoka sare na Kongo. Novemba 2024 akaiongoza timu kuifunga Guinea 1-0 na kufuzu fainali za Morocco. Novemba 2025, fainali zikiwa zimebakiza majuma machache, shirikisho likaachana naye na timu ikakabidhiwa kwa Miguel Gamondi wa Argentina. Kwa mara ya kwanza tukavuka hatua ya makundi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini wangapi kati yetu, jioni ile ya shangwe, tulimkumbuka aliyetufikisha mlangoni?

Msidhani mkasa huu ni wa Waafrika tu, au ni wa mzalendo kupishwa na mgeni tu. Huko Marekani na Kanada kuna mchezo uitwao hoki ya barafuni. Wachezaji huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma chini, wakigombea kisahani kigumu kwa magongo marefu. Mwaka 1926 mtu mmoja wa Toronto, Conn Smythe, aliajiriwa kuunda timu mpya ya kulipwa huko New York, iitwayo Rangers. Akawatafuta wachezaji mmoja mmoja, akawakusanya, na kabla ya mchezo wa kwanza wa msimu akaondolewa. Nafasi yake akapewa Lester Patrick, na mwaka 1928 timu ile ikatwaa kombe kubwa la mchezo huo, kombe la Stanley.

Wote wawili wana la kutufundisha. Smythe aliondoka na uchungu, lakini hakubaki New York kuwachongea waliomrithi. Mwaka 1927, pamoja na wenzake, aliinunua timu ya mji wake iliyokuwa ikidorora, akaipa jina jipya la Maple Leafs, akaijengea uwanja mwaka 1931, na mwaka 1932 ikatwaa kombe kwa kuwafunga Rangers walewale. Na Patrick, aliyerithi kazi ya mwenzake, hakuirithi kama mtu wa kukaa kitini. Katika fainali ya 1928 golikipa wake aliumia jicho, na timu haikuwa na golikipa wa akiba. Patrick, meneja mwenye umri wa miaka 44, mvi zimekwisha kumtoka, alivaa mavazi ya golikipa akaenda kusimama golini mwenyewe, na timu yake ikashinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Sisi tulio katika umri uo huo, ambao tukipanda kilima cha kigango tunapumzika mara mbili, tunamheshimu mtu huyo kwa dhati.

Sasa turudi nyumbani, kama tulivyoahidi.

Katika kimojawapo cha vigango vyetu, ambacho hatutakitaja hapa ingawa wenyewe mnajijua, yupo katekista aliyekitumikia kwa miaka 27. Alianza na familia 11 chini ya mparachichi. Leo kigango hicho kina jumuiya ndogondogo saba, kwaya mbili, na kanisa la matofali lililofika kwenye lenta. Mzee wetu huyu macho yamefifia, na baiskeli haimudu tena. Kwa hiyo, baada ya mashauriano marefu na Halmashauri ya Walei, tulipata katekista kijana aliyemaliza mafunzo ya miaka miwili, tukamwomba mzee awe msaidizi wake.

Majuma matatu yaliyopita alikuja nyumbani kwa mapadre jioni. Alikuwa amevaa koti lake la Dominika. Akaweka mezani funguo zilizofungwa kwa kamba ya katani, na daftari la wabatizwa lililofunikwa kwa gazeti.

"Baba," akasema, "nimeleta funguo. Daftari liko kamili, hakuna jina lililopotea. Sina ugomvi na mtu. Naomba tu nisiwe msaidizi wa mtoto niliyemfundisha kufanya ishara ya msalaba."

Maana ni kweli: katekista mpya ni mtoto wa kigango hichohicho, na mkono wa kwanza kumwongoza kutoka paji la uso hadi kifuani ulikuwa wa mzee huyu.

Tulimjibu, "Mwalimu, tupe muda." Akanywa chai, akaaga, akashuka kilima kabla giza halijaingia. Funguo bado ziko mezani.

Tangu siku hiyo kigango kimegawanyika. Wapo waliosema hawatatoa zaka wala kusomba tofali hata moja mpaka Mwalimu wao arudishiwe nafasi yake. Wapo wengine, na hao wametuumiza zaidi, waliosema kwamba mzee ameshiba sifa, na kwamba Mkristo halisi angekubali kushushwa bila kunung'unika. Wote wawili wamekuja kwetu wakitaka tuwaunge mkono. Ndiyo sababu tumeandika tafakari hii, na tungependa kuwajibu wote kwa uwazi.

Tuanze na hao wa pili. Unyenyekevu ni fadhila, lakini ni fadhila ya kujivika mwenyewe. Huwezi kumvika mwenzako kwa nguvu. Tusimwambie mtu awe mnyenyekevu ili sisi tusilipe deni letu. Mzee huyu kwa miaka 27 amezika maiti zetu wakati padre yuko mbali, ameandaa watoto wetu kwa Komunyo ya kwanza, amelala njiani kwa sababu ya mvua. Posho yake isingetosha kulipa hata matairi aliyoyamaliza. Wahenga wametuachia neno: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama yeye ana uchungu, uchungu huo si dhambi. Mtu asiye na uchungu wa kuachia kazi huenda hakuipenda.

Na kwenu ninyi wa kwanza, mnaompenda mzee kiasi cha kuwa tayari kulibomoa kanisa alilolijenga: mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi kwa heri yetu tumepewa mgeni ambaye hata mgeni si mgeni. Mkimnyima kijana huyu ushirikiano, mnamwadhibu mzee kwa jina la mzee. Maana kijana huyo ni tunda la kazi yake, pengine tunda bora kuliko ukuta wa matofali. Kocha aliyeweza kumlea mchezaji mpaka akawa kocha, ameshindwa wapi? Katika timu ya mwaka 1980 alikuwamo beki mmoja, Leodegar Tenga, ambaye kuanzia mwaka 2004 hadi 2013 aliongoza shirikisho la mpira la nchi nzima. Katika miaka hiyohiyo Bendera alikuwa Naibu Waziri wa Michezo. Yaani mwalimu wa jana na mchezaji wa jana walikaa katika nchi moja, kila mmoja na kiti chake, wakiuhudumia mpira uleule. Hakuna aliyepungukiwa.

Sisi wenyewe hatukujaliwa miguu ya mpira. Tulipokuwa seminarini tulipewa kazi ya kutunza jezi za timu: kuzihesabu, kuzifua, kuzikunja, na kuhakikisha namba saba haipotei, kwa sababu kila mtu aliitaka. Hakuna picha hata moja ya timu ile ambamo tumo. Zamani jambo hilo lilitufanya tucheke. Siku hizi linatufundisha. Maana padre naye ni mtunza jezi. Anafika parokiani kwa barua ya Askofu na anaondoka kwa barua ya Askofu. Kanisa lile la kigango lililofika kwenye lenta, sisi ndio tuliohesabu mifuko ya saruji, na ni vigumu kueleza jinsi tunavyotamani kuadhimisha Misa ya kulitabaruku. Hata hivyo tunajua kwamba inaweza kuwa zamu ya mwingine. Kila tukizitazama funguo zile mezani, tunaona kwamba ombi tulilompelekea mzee ndilo tutakalopelekewa sisi, na hatuna uhakika kwamba tutalipokea kwa adabu kama yake, tukiwa tumevaa koti la Dominika, na daftari liko kamili.

Mtume Paulo alipokuta Wakorintho wamegawanyika, huyu wa Paulo na yule wa Apolo, hakuwauliza nani ni bora. Aliwakumbusha kwamba mpanzi na mmwagiliaji ni vibarua wa shamba moja, na ukuaji ni wa Mungu. Sisi watu wa Karagwe tungepaswa kulielewa hilo kabla ya Wakorintho. Nani kati yetu anachuma kahawa kutoka mibuni aliyoipanda mwenyewe peke yake? Mingi tuliikuta. Babu aliipanda, akaipogoa, akaingoja miaka ya mwanzo ambayo mbuni hautoi kitu, na leo sisi ndio tunaosimama kwenye mizani na kupokea fedha. Wala babu hakuipanda akidhani ataimaliza.

Baada ya kusali na kushauriana, tumeamua hivi. Posho ya mzee itaendelea kutolewa na parokia maadamu yu hai, naye ataitwa Mwalimu kama alivyoitwa siku zote. Neno "msaidizi" tumeliondoa katika barua. Kazi tunayomwomba ni kuwaandaa wakatekumeni, kazi ya kukaa na kuzungumza, ambayo haihitaji baiskeli wala macho makali. Tutampelekea ombi hilo wenyewe, kwa miguu, hadi nyumbani kwake. Akikubali, tutashukuru. Akikataa, tutamshukuru vilevile, na hakuna atakayeruhusiwa kumsema.

Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili, tutakutana wote kigangoni. Tunaomba mje na tofali moja kila familia, na mje na neno moja la shukrani kwa Mwalimu, lisemwe mbele yake akiwa anasikia. Tumezoea kuyaweka maneno mazuri kwa ajili ya mazishi, wakati anayehusika hawezi tena kuyajibu. Na kijana anayeingia, tunamwomba afike mapema kuliko wote, avue viatu vizuri, na aanze yeye kukanyaga udongo wa kujengea. Meneja yule wa New York alipata heshima ya timu siku aliposimama golini.

Kuhusu funguo, hatutazikabidhi sisi. Tutazirudisha kwa mwenyewe. Kama ataona vema, ni mkono wake utakaozitia katika mkono wa yule aliyemfundisha ishara ya msalaba.

Tuwatakieni juma lenye amani. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Ni sisi,
Paroko wenu